Ukuta wa Fito Mbichi

Ninyi mnaojifunza kujenga kwa matofali pale Bulembia, mkipita Bwera mkaniona nimekaa barazani nachaji simu za watu kwa sola, msinihurumie sana. Mimi ni fundi mstaafu. Najua mnacheka, kwa sababu sina hata mvi moja, na kaka zangu wanne walionitangulia bado wanapanda mlima kule Nyakalengija na mizigo ya wageni mgongoni. Lakini kazi yangu ilikuwa nyumba za fito na udongo, na siku hizi mtu akijipata kidogo tu anataka tofali na bati. Kwa hiyo si mimi niliyestaafu. Kazi ilistaafu, nami nikaifuata kwa adabu.

Shule niliacha darasa la sita, basi mkiona sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe mkiendelea kusoma. Nyumba zangu nazo zilikuwa zinapinda kidogo na watu walilala ndani.

Kwanza niwape majina. Fundi asiyejua jina la kijiti ataletewa kijiti kibaya na atashukuru. Kitu kilekile kidogo kinachotoka kwenye mti kinabadilisha jina kila kinapobadilisha kazi. Kikiwa bado juu ya mti ni kitawi, na kama ni chembamba kabisa, kile ndege akitua kinayumba, wazee wa Kiswahili wanakiita utagaa. Kikitoka kipya kwenye shina lililokatwa, laini, kijani, ni chipukizi. Ukikata, ukapangusa majani, ukapata kitu kirefu kinachokubali kupinda bila kukuvunjikia, hapo una ufito, na fito zikiwa nyingi una ukuta. Ukivunja kifupi kikakutosha mkononi ni kijiti: cha kupandishia maharage, cha kuchokolea moto, cha kufungia mlango wa kuku. Ukikitafuna ncha asubuhi ni mswaki. Kilichogawanyika kama vidole viwili ni panda, nacho kinabeba mzigo wa wenzake wote. Kikikauka ni ukuni, na mama yako hatakuuliza kilitoka mti gani. Vile vidogo vinavyobaki chini tunaviita takataka mpaka mvua inyeshe siku tatu mfululizo. Siku ya nne tunaviokota kwa heshima.

Wenzetu waliovuka kutoka upande wa Kongo wao wanasema kamuti, na vikiwa vingi tumiti. Mimi nalipenda neno hilo. Linasikika kama kitu cha kupakata.

Aliyenifundisha kazi ni mjomba wangu Bwambale, ndugu wa mama, mtu mfupi asiyependa maneno. Alikuwa anasikiliza fito. Alichukua mbili, akazigonganisha karibu na sikio, na zikilia kwa uzito, kama unapiga mkungu wa ndizi, alizitupa kando. "Bado zinakunywa maji hizi," alisema. Zikilia kwa ukali, kama meno yanayogongana kwa baridi, alizifunga mganda. Mimi nilizigonga mwaka mzima nikisikia kitu kimoja tu, kelele. Kisha siku moja sikio likafunguka, na tangu hapo hata mwiko wa mke wangu nikiusikia kwenye sufuria najua kama ni mkavu.

Sheria zake zilikuwa chache. Kata fito, zianike kivulini majuma mawili, si juani, jua linazipasua. Menya ganda. Mguu wa kila ufito, ile sehemu itakayoingia ardhini, uchome kwenye moto mpaka uwe mweusi, mchwa hapendi kula mkaa. Na ukiusimika, usimike kichwa chini, ncha iende ardhini na shina liangalie mbinguni.

"Kwa nini, mjomba?"

"Ili usahau."

"Nani asahau?"

"Ufito. Usahau kwamba ulikuwa mti."

Nilidhani ni utani wa wazee.

Makosa yangu mengine nitawapa machache ili mcheke mapema. Nyumba yangu ya kwanza peke yangu, kule juu kuelekea Nyakalengija, nilifunga fito kwa nyuzi za mgomba ambazo sikuziloweka. Kamba kavu inakudanganya, unaivuta inaonekana imekaza. Siku ya kukandika, majirani walipoanza kurusha udongo, ukuta mzima uliinama polepole ukakaa chini, kama mtu aliyechoka misa ndefu. Mwenye nyumba alikaa chini naye, karibu na ukuta, wakawa wawili. Siku hizi mna waya na misumari, hamtaijua aibu hiyo, lakini mna aibu zenu, nimeona tofali zenu za kona.

Sasa nije kwa Kavira, kwa sababu ndiye aliyenifanya nichukue kalamu.

Kavira alivuka mpaka na watoto watatu na sufuria moja. Amekulia Beni mjini, Kiswahili ndicho alichozoea, na alikuwa anauza mafuta ya mawese pale sokoni Bwera. Walikuwa wanalala jikoni kwa mtu, na mwenye jiko alikuwa amewaambia atalihitaji. Bibi mmoja wa Bwera, Bibi Mbambu, akamwazima kiwanja kidogo nyuma ya shamba lake. Bibi huyu ni mjane wa askari. Kiswahili alikipata kwa marehemu mume wake, na marehemu alimwachia kile cha amri tu.

Masharti aliyatoa amesimama, nami nilikuwepo kupima kiwanja. "Sikia. Maharage, ndiyo. Mahindi, ndiyo. Muhogo, ndiyo. Kahawa, hapana. Mgomba, hapana. Mti, hapana. Nyumba ya fito, ndiyo. Tofali, hapana. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Sema."

Kavira akarudia yote kama mtoto wa katekisimu.

Ninyi wa mjini labda hamjui, kwetu ardhi ya kuazima ina adabu yake. Unapanda kinachovunwa kikaisha. Ukipanda kitu kinachobaki ardhini miaka, umesema hii ni yangu, hata kama mdomo haukufunguka. Watu wamepelekana kwa mwenyekiti wa kijiji kwa sababu ya mche mmoja wa kahawa. Nyumba ya fito inakubaliwa kwa sababu inahesabiwa kitu cha kupita, mwenyewe akiondoka inaondoka.

Mvua ilikuwa karibu. Kila jioni mawingu yalishuka mlimani, na kila jioni Kavira alinitazama bila kuuliza. Yule mtoto wake mdogo alikuwa anakohoa. Nilikuwa na fito za mkalitusi, kavu, nzuri, zikatosha kuta tatu. Ukuta wa nyuma ukabaki wazi. Kutafuta fito nyingine na kuzianika ilikuwa majuma mawili, na mimi nikiona mtoto anakohoa sina akili tena. Pale kijitoni kulikuwa na mululuza umejiotea tu, ule mti mchungu ambao sote tumelazimishwa kunywa majani yake tukiwa na malaria. Nikakata fito mbichi, ndefu, zilizonyooka kama nilivyotaka. Nikakata na nguzo ya panda moja ya kona. Sikumenya, sikuchoma, na kwa kuwa nilikuwa na haraka sikuangalia kichwa ni kipi na mguu ni upi. Nilijiambia udongo utazinyamazisha.

Tukakandika siku mbili, Kavira akaingia, na mvua ikaja siku ya tatu. Nilitembea kurudi nyumbani nimelowa, naimba. Nikaota ndoto zangu zile, kwamba siku moja nitajenga hoteli nzima ya fito kule Nyakalengija, watalii walale humo wasikie mvua vizuri.

Yapata mwezi na nusu baadaye nikakutana na Kavira sokoni. Anacheka.

"Fundi, nyumba yako inaota ndevu."

"Ndevu gani?"

"Majani. Kamuti kanatoka pa kitanda. Batoto banachuma banacheza nayo duka."

Mimi sikucheka. Nilikwenda mbio. Ukuta wa nyuma ulikuwa umechipua ndani na nje, machipukizi ya kijani kibichi yamepasua udongo kila mahali, mengine marefu kama kidole, mengine kama mkono wa mtoto. Nikaanza kuyavunja moja moja na kuyaficha mfukoni kama mwizi wa mboga. Nikiwa bado ninavunja nikasikia mtu nyuma yangu. Alikuwa Kule, mtoto wa kiume wa Bibi Mbambu. Kule alikuwa ameona jinsi Bwera inavyokua, na kile kiwanja alikitaka kwa vibanda vya duka. Hakunisalimia. Akatazama ukuta, akatazama mfuko wangu, akaenda kumwita mama yake.

Bibi alikuja na bakora yake, pole pole. Kavira naye alikuwa amerudi na watoto. Tukasimama wote mbele ya ukuta ule.

"Wewe mama. Kuja hapa. Hii nini?"

"Iko tumiti ya ukuta, mama."

"Mimi nilisema nini juu ya mti?"

"Mti, hapana," Kavira alirudia.

"Hii ni nini?"

Kule akaingilia. "Mama, hii ndiyo namna yao. Leo ni kijani ukutani, mwaka ujao anasema mti ulikuwepo kabla yetu. Mimi nilikuambia."

"Sikupanda muti, mama," Kavira alisema. "Beko batoto batatu. Ningetaka kukukosea, nitaenda nabo wapi tena?"

Hapo jamani ndipo nilipojua ukubwa wa nilichofanya. Mimi nilikosea ukuta, na kosa langu lilikuwa limevaa sura ya wizi wake yeye. Nikatoa majani mfukoni nikayaweka chini.

"Bibi, ni mimi."

"Ni wewe nini? Simama sawasawa."

Nikasimama sawasawa. "Mimi nilikata mululuza mbichi. Yeye hajui mti huu, wala si yeye aliyeukata. Niliona mvua inakuja, mtoto anakohoa. Nilijua sheria nikairuka."

"Nani alikufundisha kazi?"

"Mjomba Bwambale."

"Bwambale yule mfupi?"

"Ndiyo."

"Ataona haya." Akapiga bakora chini. "Jumapili baada ya kanisa narudi. Nataka nikute ukuta mkavu. Nikikuta jani, huyu mama anatoka na wewe unabomoa. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Sema."

Nikasema.

Ilikuwa Jumanne. Fito kavu sikuwa nazo, na msimu wa mvua hakuna anayeuza fito kavu. Nikaenda kwa mjomba. Alikuwa ameshaacha kazi, macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Nikamweleza yote.

"Ulijenga nyumba au shamba?"

Nikataka kueleza tena habari ya mvua, akanikatiza.

"Ulizimenya?"

"Hapana."

"Ulizichoma mguu?"

"Hapana, mjomba."

"Ulizisimika kichwa chini?"

"Nyingine labda. Kwa bahati."

"Kwa bahati," alirudia. Kisha akanyanyua kidole, akaonyesha juu ya jiko lake, kwenye uchaga. Kulikuwa na miganda ya fito za mkalitusi, nyeusi kwa moshi, alizokuwa amejiwekea za kujengea ghala lake jipya. "Shusha. Ghala litangoja. Lakini tunakwenda wote, sitaki useme tena jina langu mahali nisipokuwepo."

Alikuja juu ya bodaboda na fito zake zimefungwa kando, akimgombeza dereva njia nzima. Hakuona vizuri, kwa hiyo alifanya kazi kwa vidole na masikio. Ukuta wa fito haubomolewi mara moja nyumba ikiwa na watu. Unatoa ufito mmoja, unaingiza mmoja, unafunga, unakwenda kwa wa pili. Zile mbichi zilipotoka ardhini zilikuwa na mizizi myeupe kama nywele za bibi. Mjomba aliipapasa. "Angalia," aliniambia, "hazikuwa na ubaya. Zilitaka kuishi tu, na wewe uliziweka pabaya." Kavira alikanyaga udongo, watoto wakabeba maji. Jumamosi mchana ukuta ulikuwa umefungwa na kukandikwa upya. Ulibaki mti mmoja, ile nguzo ya panda kwenye kona ya nyuma, ambayo ilishika paa lote la upande ule. Niliigusa nikaliona paa linatikisika.

"Ukiitoa hiyo," mjomba alisema, "toa na watoto kwanza."

Jumapili Bibi Mbambu akaja na kitambaa chake cha kanisa kichwani. Alikagua ukuta wote, akikwaruza fito kwa ukucha pale udongo ulipoacha nafasi, akitafuta kijani. Mjomba alisimama wima kando yake kama mtu anayekaguliwa gwaride. Akafika kwenye kona. Akakwaruza. Kijani.

"Na hii?"

Ningeweza kuipaka udongo. Nilikuwa nimelifikiria usiku wa kuamkia Jumapili hiyo, sitawadanganya. "Hiyo inabeba paa, bibi. Nikiitoa leo, nyumba inalala. Kiangazi nitaweka nyingine."

Kavira alikuwa amemshika mtoto mdogo kifuani. Kule alikuwa nyuma ya mama yake, mikono mfukoni.

Bibi akamtazama mjomba. "Bwambale, huyu anasema kweli?"

"Kwa hili, ndiyo."

Bibi akatoa kisu kidogo cha kumenyea mihogo kwenye kanga yake, akakata chipukizi moja lililokuwa linaanza chini ya panda, akalitupa. "Basi nitakuwa nakuja kuikata mimi mwenyewe. Kila Jumapili."

Na akaja. Jumapili ya kwanza alikata, akaondoka. Ya pili Kavira alimtolea kigoda, kwa adabu tu, akakikalia. Ya tatu kulikuwa na chai. Sikuwepo siku zote, lakini nilipita mara kwa mara, kwa sababu ukuta uliokuaibisha unautembelea kama mgonjwa. Siku moja niliwakuta wanamenya mihogo pamoja kwa kile kisu, na bibi anamfundisha mtoto mkubwa kupiga saluti. Siku nyingine alikuwa anamkaripia Kavira kwa sababu mtoto anakohoa na hakumwambia. Kiangazi kilipokuja nikapeleka nguzo mpya, nimeimenya, nimeichoma, nimeigonga mpaka sikio likachoka. Bibi akasema, "Wacha kwanza." Nikaiegemeza kwenye jiko. Baadaye Kavira aliifanya ya kuanikia nguo.

Sasa nifike siku yenyewe. Nilikuwa pale narekebisha mlango. Kule akaingia na mwenyekiti wa kijiji, ambaye alikuja na daftari lake chini ya kwapa. Walikuwa wamepanga. Kule akampeleka moja kwa moja kwenye kona ya nyuma, na mimi nikawafuata. Chipukizi la nguzo lilikuwa limefika karibu na paa. Majani yake yalikuwa mapana, ya kijani kizito. Jumapili ngapi zilikuwa zimepita bila kisu, sikujua. Bibi alikuwa ameketi palepale kwenye kigoda, anachambua maharage na Kavira.

"Mwenyekiti, ona mwenyewe," Kule alisema. "Sharti lilikuwa wazi. Mti hapana. Huu si mti?"

Mwenyekiti akavaa miwani. "Huu ni mti."

"Umeota kwenye nyumba ya nani?"

"Ya huyu mama."

Kavira aliweka ungo chini. Nilimwona anatafuta watoto kwa macho, mmoja, wa pili, wa tatu, kama mtu anayejua njia ya kukimbia. Nikafungua mdomo nikubali kosa mara ya pili, lakini Bibi Mbambu alinitangulia. Hakusimama.

"Mwenyekiti, wewe umeuliza nani amepanda?"

"Bado, mama."

"Uliza."

Mwenyekiti akakohoa. "Nani amepanda mti huu?"

"Mimi."

Kule akamgeukia. "Mama, wewe? Umepanda mti ndani ya ukuta wa mtu?"

"Ardhi ya nani?"

"Yako, mama, lakini..."

"Mti wa nani?"

Mwenyekiti alitazama nguzo, akamtazama bibi, akatazama nguzo tena, ile panda, na paa juu yake. Alikuwa mtu mzima, alijua vizuri jinsi nguzo ya nyumba inavyoonekana. Akafunga daftari, akauliza kama maharage hayo ni ya mwaka huu.

"Kaa chini utakula," bibi alimwambia. "Na wewe Kule, kaa. Usisimame juu ya watu."

Kule alikaa kwenye ukingo wa baraza, mbali kidogo, akiwa ameinamisha uso. Kavira alichukua ungo akaendelea kuchambua, na maharage mazuri na mabaya yote yalikuwa yanaingia sahani moja.

Kisha bibi akaniona nimesimama na nyundo.

"Wewe fundi, unatazama nini? Leta maji. Mti wangu unakauka."

Nikaenda kisimani mbio, nikarudi na ndoo, nikamwaga maji kwenye mguu wa nguzo ya nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu, mimi fundi, mchana kweupe, mbele ya mwenyekiti. Udongo ukayanywa yote. Bibi akasema niongeze.